Fomu Kumi na Mbili Zisizo na Jina

Mama Muhuri hakuwa daktari, na alipenda kulisema hilo mapema kabla mtu hajamwonyesha kidonda. Alikuwa katibu muhtasi wa idara ya magonjwa ya ndani katika hospitali kubwa ya kufundishia, mwaka wake wa ishirini na sita kwenye kiti kilekile. Mguu mmoja wa kiti hicho ulifungwa kwa plasta ya wodini, maana fundi aliahidi kuja tangu enzi za mkuu wa idara aliyepita. Mihuri yote minne ya idara ilikaa kwenye droo yake, na ufunguo wa droo ulining'inia shingoni pamoja na miwani. Basi madaktari wakamwita Mama Muhuri, na yeye akaitika.

Sifa yake ilikuwa moja: alichapa kama ilivyo. Ukimpa karatasi yenye kosa, utarudishiwa kosa lako likiwa safi, limepangwa vizuri, na nakala mbili. Wakati mmoja Profesa, ndiye mkuu wa idara, aliandika kwa haraka kwamba mgonjwa wa kitanda cha tisa alifariki Jumanne na Alhamisi akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mama Muhuri akachapa vilevile. Alipoulizwa alijibu, "Profesa, mimi nachapa, sifufui." Idara nzima ilicheka wiki mbili, na Profesa mwenyewe akawa anawaambia wageni kwamba mama huyu habadilishi hata koma.

Wakubwa zake walikuwa wawili watatu, lakini watoto wake, kama alivyowaita, walikuwa madaktari kumi na wawili waliosomea ubingwa. Watoto kwa jina tu. Hawa walikuwa madaktari kamili, wengine na mvi za kwanza, waliorudi shule miaka minne ili wawe mabingwa. Mchana wanatibu, mchana huohuo wanafundishwa, na wakikosea wanakosea mbele ya watu.

Na kukosea katika idara ile kulikuwa na adabu yake. Kila asubuhi saa moja na nusu kulikuwa na kikao. Daktari mmoja anaeleza habari za mgonjwa, Profesa anauliza maswali, na ukishindwa swali unasimama. Unasimama mpaka kikao kiishe, na faili lako mkononi, wenzako wakiwa wamekaa. Neno "sijui" halikutakiwa kabisa. Ukilisema, Profesa atauliza kwa upole, "Sijui ndiyo dawa gani hiyo, na inatolewa mara ngapi kwa siku?" Kicheko kinafuata, kile kicheko cha mtu anayeshukuru kwamba leo si zamu yake.

Usidhani Profesa alikuwa mtu mbaya, maana angekuwa mbaya mambo yangekuwa rahisi. Alikuwa akikaa na wagonjwa waliokata tamaa mpaka chai yake inapoa. Naye alisimamishwa na mwalimu wake miaka minne, na aliamini kwa moyo mweupe kwamba ndiko alikopatia akili. "Mimi nilisimama," alisema, "na leo mnaona nimekaa wapi."

Katika wale kumi na wawili alikuwamo mmoja aliyekuwa mwaka wa tatu, mwanamke wa miaka thelathini na minane. Alilelewa na bibi yake, na kutoka kwa bibi alirithi neno moja ambalo watu wa umri wake walishaliacha. Wenzake wakisema "lakini", yeye alisema "walakini". "Mgonjwa ameamka vizuri, walakini miguu bado imevimba." Siku ya kwanza tu Profesa alimkatiza, "Daktari, mbona wagonjwa wako wote wana walakini? Hakuna hata mmoja mzima?" Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo akawa Daktari Walakini, wodini, maktabani, hata kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani.

Kabla ya hapo alifanya kazi miaka tisa katika hospitali ndogo ambayo daktari alikuwa yeye peke yake. Waliomwajiri walimpa ruhusa ya miaka minne, na barua ya ruhusa, ambayo Mama Muhuri aliiweka kwenye jalada kwa mkono wake, ilisema muda huo hautaongezwa kwa sababu yoyote. Maana yake ni nyepesi kuelewa. Akirudishwa nyuma mwaka mmoja, basi, hakuna ubingwa. Atarudi alikotoka kama alivyoondoka, na mwanawe wa miaka minane, aliyemwacha kwa dada yake, atakuwa amelelewa na shangazi... hapana, na mama mkubwa, bure tu.

Mchana, kila alipopata dakika kumi, Daktari Walakini alikuja kula kwenye ofisi ya Mama Muhuri. Alikaa juu ya boksi la karatasi za printa, anamenya yai lake la kuchemsha na kuweka maganda kwenye kofia ya chupa ya maji. Mama Muhuri alimpenda. Hakuwa na binti, na huyu alikuwa na tabia ya kuuliza, "Mama, na wewe umekula?"

Sasa hapo ndipo ilipoanza. Ofisi za juu zilileta waraka kwamba hospitali imeunda kamati ya kujenga utamaduni wa kujifunza kwa kusaidiana, ambamo kila mwanafunzi atajiona ana nafasi yake. Yakaja mabango mawili yenye picha ya watu wanaotabasamu. Zikaja na fomu: kila daktari mwanafunzi aeleze anavyofundishwa, bila kuandika jina. Na kwa kuwa mwandiko wa mtu unajulikana, katibu wa idara azichape zote kwenye karatasi moja, zile za mkono azichane, kisha nakala iende kwa kamati na nyingine kwa mkuu wa idara.

Jioni hiyo Mama Muhuri alimweleza mumewe, fundi saa mstaafu ambaye bado alishinda mezani na miwani ya jicho moja. Mzee hakuinua kichwa. "Nakala moja kwa mkuu wa idara?"

"Ndiyo. Si ndiye anayetakiwa kurekebisha?"

"Hao wanawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Wewe bwana kila kitu unakiona kibaya. Ndiyo maana saa zenyewe hazitembei."

Mzee akacheka, akaendelea na kazi yake. Mama Muhuri alilala akiwa na furaha, na hilo nalitaja kwa sababu baadaye lilimuuma. Miaka ishirini na sita alikuwa akisikiliza vile vicheko vya asubuhi, na kwa mara ya kwanza aliona kuna mlango.

Kesho yake Daktari Walakini alikaa juu ya boksi lake, fomu tupu kwenye paja. Hakumenya yai. "Mama, hizi kweli hazijulikani?"

"Zinapita kwangu, mwanangu. Kwangu ni kaburi."

"Nina jambo la kusema. Walakini naogopa."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe si daktari? Huo msemo umetungiwa wewe. Andika."

Daktari alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima daraja kabla ya kukanyaga. Kisha akaomba kalamu, na Mama Muhuri akampa ya kwake.

Ijumaa zikawa zimerudi zote kumi na mbili. Mama Muhuri alifunga mlango, akazichanganya kama karata ili mpangilio usimtaje mtu, akaanza kuchapa. Nyingi hazikuwa na kitu. "Mafunzo ni mazuri." "Viti viongezwe." Mmoja aliomba feni. Ya saba aliitambua kwa mwandiko wake kabla hajavaa miwani, na ilikuwa imejaa mpaka pembeni.

Ilisema kwamba kusimamishwa hakujamfundisha mtu kitu ila kuficha. Ilisema mwezi uliopita mmoja wao alikuwa zamu na hakujua afanye nini na mgonjwa aliyeanza kuchanganyikiwa. Aliogopa kumpigia simu mkubwa wake, maana aliyepiga wiki iliyotangulia alifanywa kichekesho kikaoni. Akakaa na yule mgonjwa saa nne, akibahatisha. Mgonjwa aliokolewa asubuhi, ila figo zake hazikurudi kufanya kazi. Katikati kulikuwa na maneno haya: "Mimi niliyetoka hospitali ndogo najua upweke wa kutokuwa na wa kumuuliza."

Mama Muhuri alisimamisha vidole. Waliotoka hospitali ndogo walikuwa wawili, na mmoja wao ndiye aliyeomba feni. Akapiga moyo konde, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita akaacha maneno ya mtu, akayaruka. Alijiona kama anaiba. Akamalizia yaliyobaki kama yalivyo, akakagua namba za maoni, akachana fomu zote kumi na mbili vipande vidogo na kuvimimina kwenye ndoo mbili tofauti za takataka.

Mchapaji mzuri hasomi, na hili wasiochapa hawalijui. Jicho linachukua, kidole kinatoa, akili iko sokoni inachagua vitunguu. Alilinda kile alichokiogopa. Kingine kilipita mbele ya macho yake kikiwa kimevaa nguo za kila siku, na hakukiona.

Jumatatu Profesa alikuja kikaoni na ile karatasi. Mama Muhuri alikuwa kwenye kona yake, anaandika kumbukumbu. Profesa alisema hospitali imeagiza uwazi, na yeye anaheshimu uwazi, hivyo atasoma maoni yote mbele ya wote. Akasoma ya viti. Akasoma ya feni, akatania kwamba joto la chumba linatokana na vichwa kufanya kazi. Watu wakacheka. Akafika ya saba, akasoma kwa sauti ileile nzuri ya kufundishia.

"'Tunaambiwa hofu ndiyo mwalimu, walakini...'"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaendelea polepole. "'...walakini hofu haijawahi kumtibu mgonjwa.'" Akageuza macho mpaka kiti cha tatu kutoka dirishani. "Tunakushukuru kwa mchango wako, Daktari."

Kicheko kilianza na watu wawili, kikasambaa. Mama Muhuri aliacha kuandika. Aliitazama karatasi mkononi mwa Profesa na akaliona neno, sasa ndipo akaliona, limekaa mstari wa nne na mstari wa kumi na moja, herufi zake nane kamili, limechapwa bila kosa.

Profesa alisubiri kicheko kiishe. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo aliikalia. "Hapa umeandika kwamba mmoja wenu alikaa saa nne na mgonjwa bila kuita msaada. Hilo ni jambo zito, na limeshakwenda kwa kamati. Ni nani?"

Daktari Walakini alijua ni nani. Chumba kizima kilijua. Alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, amekaa kiti cha tano, anachunguza kamba za viatu vyake. Na niseme ukweli wote: alikuwa miongoni mwa wale wawili walioanza kucheka.

"Siwezi kusema, Profesa."

"Huwezi au hujui?"

Daktari alifunga kalamu yake.

"Basi simama mpaka utakapoweza."

Akasimama. Kikao kiliendelea, wagonjwa watatu wakajadiliwa, dakika hamsini, na yeye alisimama mikono ikiwa nyuma. Mama Muhuri alikuwa na kalamu mkononi na kazi yake ilikuwa kuandika kinachotokea. Alijaribu kumwangalia usoni, walau amwombe radhi kwa macho. Daktari alikuwa akitazama ukutani, kwenye bango la watu wanaotabasamu.

Wengine wangelala nalo na kuliacha lipite. Mama Muhuri hakuweza. Saa sita aligonga mlango wa Profesa, akasimama mbele ya meza yake kwa mara ya kwanza bila karatasi mkononi.

"Profesa, yale maneno ya ile fomu ya saba niliyabadilisha mimi."

"Uliyabadilisha?"

"Ndiyo. Neno lile ni langu. Nilipachika mwenyewe. Aliyeandika ni mwingine."

Profesa alimtazama, kisha akatabasamu, tabasamu la mtu anayemsikia mama yake akidanganya kwa ajili ya mdogo wake. "Mama, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na nne. Wewe ulimchapa maiti akaenda nyumbani ili tu usibadilishe neno langu."

"Nilibadilisha, Profesa. Hata sentensi nzima niliiruka."

"Ipi?"

Hapo akakwama. Kuitaja ni kumtaja.

"Kaa chini unywe maji," Profesa alisema, na alimaanisha. "Hakuna anayemchukia yule dada. Sikumfukuza mtu. Ila mtu akiandika mambo kama yale kwa maandishi, lazima ajifunze kuyasimamia."

Akamimina maji mwenyewe. Mama Muhuri aliyanywa, maana hakujua afanye nini kingine na glasi iliyo mkononi.

Alijaribu na kamati. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, akaambiwa na katibu mwenzake kwamba malalamiko yanapokelewa kwa fomu, na fomu zinapitia kwa katibu wa idara. "Yaani kwangu?" aliuliza. "Wewe ni idara gani, mama?" Walitazamana. Yule mwenzake alianza kucheka, akaona uso wa mwenzie, akaacha.

Daktari Walakini aliendelea kuja kula mchana. Hilo ndilo lililomtesa zaidi. Angekasirika, angemsonya, angehamia kivuli cha maktaba, ingekuwa nafuu. Alikuja, akakaa juu ya boksi, akauliza, "Na wewe umekula?" Lakini kikaoni alianza kuongea kama anayevuka mtaro wenye giza, neno moja moja, anajaribu kwanza kwa ulimi. "Mgonjwa ameamka vizuri... ila... miguu imevimba." Walipomtania kwamba amepona, alitabasamu. Maswali yalimfuata yeye tu sasa. Alisimama Jumanne, alisimama Ijumaa, na mtu anayesimama kila siku akili yake humfuata miguuni. Aliyoyajua miaka tisa yakaanza kumponyoka mbele za watu.

Siku moja Mama Muhuri alijilazimisha. "Mwanangu, lile neno. Nililiona nikaliacha. Sikuliona. Yaani..."

"Najua, mama. Umechapa nilichoandika."

"Ningeweza kuandika lakini."

"Ungeweza," Daktari alisema, akaendelea kumenya yai.

Mwisho wa mwaka zikaja karatasi za tathmini. Kamati ilikuwa imefanya kazi yake kwa bidii, ikaongeza kipengele kipya chenye alama ishirini: mchango wa mwanafunzi katika utamaduni wa kusaidiana. Profesa alijaza kwa mkono, akazileta zichapwe. Ya Daktari Walakini ilikuwa ya mwisho. Kazi ya wodini, amefaulu. Maarifa, amefaulu kwa shida. Kipengele kipya, alama nne. Na chini yake: "Ni mchapakazi. Anahitaji kujifunza kuaminiana na wenzake na kuwasilisha hoja zake katika njia sahihi. Arudie mwaka."

Mama Muhuri alikaa na ile karatasi mpaka printa ikajizima yenyewe. Alifikiria kuweka moja mbele ya nne, iwe kumi na nne. Ni kidole kimoja tu. Alifanya hesabu, akaona ingetosha. Akaiweka. Akaitazama. Kisha akakumbuka kwamba Profesa hutia saini baada ya kusoma, husoma kila mstari, na siku hiyo daktari atasimama kwa kosa la udanganyifu, ambalo halina mwaka wa kurudia. Akaifuta ile moja. Akachapa kama ilivyo, huku akilia bila sauti, na machozi ya mama mtu mzima hayana haraka.

Alhamisi Daktari alikuja kuchukua barua. Alikuwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Hakukaa juu ya boksi. Aliisoma akiwa amesimama, mara moja, kisha akageuza kuona kama nyuma kuna kitu. Hakukuwa na kitu.

"Nasaini wapi kwamba nimepokea?"

Mama Muhuri akamwonyesha mstari kwenye daftari. Daktari akasaini. Sasa maneno yakamtoka mama yote kwa pamoja, ameyakusanya siku tatu. Kwamba kuna rufaa. Kwamba zipo siku kumi na nne. Kwamba kuna mlango wa juu kuliko Profesa, na watu wanasikilizwa, na yeye mwenyewe atakaa naye, atamchapia usiku na mchana mpaka iwe sawa.

"Kata rufaa, mwanangu. Eleza kila kitu."

Daktari Walakini alimtazama. Hakukuwa na ubaya usoni mwake, wala kejeli, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Kwa maandishi, mama?"

Mama Muhuri alitafuta jibu kushoto na kulia, alitafuta msemo, yeye ambaye hakukosa msemo hata siku moja, na hakuna kilichokuja. Daktari alisubiri kidogo, kwa heshima, kama anavyosubiriwa mgonjwa mzee anayetafuta jina la dawa yake. Alipoona hakuna, aliikunja barua mara mbili akaitia mfukoni.

"Kadi ya maktaba narudisha hapa kwako au kule?"

"Kule," alisema Mama Muhuri.

"Haya. Asante, mama."